Paipu za umeme zisipindwe kwa moto

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu mafundi wa umeme wa huku vijijini wanaopinda paipu za plastiki za kupitishia nyaya juu ya moto wa karatasi.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika sehemu nyingi ambako zamani tulisomea koroboi. Tunashukuru. Lakini nguzo ni mali ya shirika. Yaliyofukiwa ukutani ni ya mwenye nyumba. Fundi huwasha gazeti (pengine ni hili hili, Ndugu Mhariri), akapitisha paipu juu ya ndimi za moto, kisha akaipinda gotini. Plastiki iliyolainika kiasi hicho hubonyea kwenye kona. Siku ya kuvuta nyaya hazipiti. Zikilazimishwa, ganda lake hukwaruzika na shaba kubaki wazi ndani ya ukuta, wala mwenye nyumba hana habari. Hapa kwetu nyumba ya mwalimu iliyojengwa kwa michango ya wazazi ilibidi ibomolewe plasta, na saruji ikanunuliwa upya.

Dawa yake ni springi. Hii huingizwa ndani ya paipu mpaka mahali pa kupinda, ikiwa imefungwa kamba ya kuivutia nje. Iwe ya kipimo cha paipu yenyewe. Ya milimita 20 haifai kwenye paipu ya 25. Fundi hupinda taratibu kwa mikono, akizidisha kidogo kuliko kona anayoitaka, maana plastiki ina tabia ya kurudi. Penye baridi, kama kwetu Njombe mwezi Julai, paipu isuguliwe kwanza kwa kitambaa mpaka ipate joto, la sivyo itapasuka. Kona za dukani zipo, ila zikizidi nyaya huvutika kwa taabu.

Wengi wa mafundi hawa walijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, kwa hiyo siwalaumu sana. Naiomba VETA iwafuate huku huku vijijini kwa mafunzo ya siku chache. Nazo kamati za ujenzi za shule zisiruhusu plasta ipigwe kabla mtu hajadondosha gololi ndogo katika kila paipu inayoshuka ukutani na kuiona ikitokea chini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.