Mgombea wa Miti na Hesabu za Kura

Wiki jana rafiki yangu mmoja, mwalimu wa jiografia, alinijia na karatasi ya mistari aliyoichana kwenye daftari. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa kwamba sisi tuliotia sahihi tunamwomba mwanasiasa fulani, mtetezi wa mazingira, agombee urais mwaka 2027. Chini kulikuwa na majina kumi na mawili, la pili likiwa la mkewe. Mwanasiasa huyo simtaji, maana mwenyewe hajasema ndiyo wala la. Kilichonishughulisha ni ile karatasi. Anayejali mabadiliko ya tabianchi ampigie debe mgombea wa aina hii, au ni kupoteza wino?

Kenya ilikwisha kulijaribu jambo hili. Novemba 1997, uchaguzi ukiwa umebakiza chini ya miezi miwili, Wangari Maathai alijitosa katika mbio za urais kwa tiketi ya chama cha Liberal, na papo hapo akawania ubunge wa Tetu. Alikuwa na kila sifa ambayo karatasi ya mwalimu inaitafuta. Green Belt Movement, aliyoianzisha 1977, ilikuwa na umri wa miaka ishirini. Mwaka 1989 aliongoza vita dhidi ya jengo la orofa 60 lililokuwa lisimamishwe Uhuru Park, na halikujengwa. Lakini siku ya kura vyombo vya habari vikatoa uvumi kwamba amejiondoa. Urais akaukosa, na ubunge pia.

Uvumi ule ulimuumiza, ila sidhani ndio uliomwangusha. Mwai Kibaki naye alikuwa debeni, mtu wa Othaya, Nyeri hiyohiyo. Mpiga kura wa Tetu aliyetaka Rais Moi aondoke alikuwa ameona 1992 jinsi upinzani uliogawanyika ulivyomwachia Moi ushindi kwa takriban asilimia 36 tu. Kumpa Maathai kura ya urais ilikuwa anasa, hata kwa aliyempenda. Miaka mitano baadaye, katika jimbo lilelile, mama yuleyule alipata asilimia 98 ya kura za ubunge. Ni kweli katikati hapo alipasuliwa kichwa akiutetea msitu wa Karura, Januari 1999, na watu hawakusahau. Lakini kilichobadilika hasa ni kwamba 2002 aliingia uwanjani na NARC, muungano wa upinzani.

NARC yenyewe iliposhinda ilimpa unaibu waziri, na hata Nobel ya Amani ya 2004 haikumpandisha. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Hata hivyo, Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowapa wakazi wa kandokando ya misitu nafasi ya kisheria kushiriki katika usimamizi wake, ilipatikana zama hizo. Mwaka 2007 alishindwa katika mchujo wa chama cha PNU, akagombea kwa chama kidogo, akaanguka tena.

Brazil ina mfano mkali zaidi. Marina Silva, mtoto wa wagema mpira wa Acre, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 16, aligombea urais mara tatu. Mwaka 2010 alipata kura karibu milioni 20, na 2014 zaidi ya milioni 22. Mwaka 2018 zikayeyuka hadi asilimia moja. Sioni mti hata mmoja wa Amazon uliosalimika kwa kura hizo zenyewe. Iliyookoa miti ni wizara. Alipokuwa waziri wa mazingira, 2003 hadi 2008, ndipo ulipoanza mpango uliosaidia kushusha ufyekaji kutoka zaidi ya kilomita za mraba 27,000 mwaka 2004 hadi chini ya 5,000 mwaka 2012. Na 2022, kabla ya kumuunga mkono mgombea urais Lula, waliyekuwa wamekosana naye, alimpelekea madai yake kwa maandishi. Lula akayakubali, na Januari 2023 Marina akarudi wizarani. Ufyekaji uliokuwa umepita kilomita za mraba 11,000 ukashuka hadi kama 6,300 mwaka 2024. Kura zake, hata zilizokwisha kuyeyuka, zilikuwa zimempa jina la kwenda nalo sokoni.

Na hapa kwetu soko hilo lipo. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Asipopatikana, hufanyika duru ya pili. Haijawahi kutokea, lakini imewahi kubisha hodi: Uhuru Kenyatta alitangazwa 2013 kwa asilimia 50.07, na William Ruto 2022 kwa 50.49. George Wajackoyah alitafuta kura mwaka huo kwa ilani ya bangi na sumu ya nyoka, asifikishe hata asilimia moja. Mtu wa miti mwenye asilimia tatu angewalazimisha wakubwa waje kwake kwa miguu. Ndiyo maana “hawezi kushinda” si jibu kwa mwalimu wangu.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na tozo ya mazingira iliyogusa hata nepi. Duka la mtaani kwetu huuza nepi mojamoja, kutoka kwenye pakiti iliyopasuliwa ubavuni. Mama hununua mbili za usiku, mchana mtoto anafungwa kitambaa. Tozo ile ilitangazwa msimu uleule wa mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200. Waliofurikiwa na wanaonunua nepi mojamoja ni walewale, na waliikataa. Haki yao. Serikali ilirudi nyuma kuhusu nepi, lakini Juni 25 vijana wakaingia bungeni, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada mzima. Mgombea wa tabianchi asiye na jibu la nani alipe atazikwa na swali hilo kabla ya kampeni kuanza.

Nilimrudishia mwalimu karatasi yake jioni ileile. Sahihi yangu ni ya kumi na tatu. Nyuma nimeandika mawili ya kumpelekea huyo mwanasiasa: duru ya pili ikija atadai wizara gani, na nepi ailipie nani. Mwalimu akasoma, akaikunja. La pili hilo, akasema, mkewe alimuuliza kabla ya kutia sahihi.