Kutoa si Hasi

Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, dai moja limenichosha masikio: kwamba hesabu haina lugha. Leo nalipinga.

Mwalimu wa Kidato cha Kwanza huandika ubaoni −5 − (−8). Akisoma kwa Kiingereza, alama zote tatu huziita mainasi. Kiingereza chenyewe kina neno la pili, ila madarasani mwetu nimelisikia kwa nadra. Mbili kati ya alama hizo zataja hali ya namba. Moja yataja tendo. Mtoto wa hapa Kerende, aliyelelewa kwa Kikurya na kusomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, atazitofautishaje? Basi hukaririshwa: "Hasi na hasi ni chanya." Kesho yake mpe −5 − 8; atakujibu 13, tena kwa kujiamini. Nimelisahihisha kosa hilo miaka mingi, hata nikakoma kumlaumu mtoto.

Kiswahili kimekwisha kuzitenga: hasi tano, toa hasi nane. Hasi ni sifa. Kutoa ni kitenzi. Kwa maneno hayo tu, nusu ya somo imekwisha kueleweka.

Nusu ya pili ipo kijijini. Huku Nyamongo ni nchi ya dhahabu, na mtoto analijua duara la mchimbaji. Usawa wa ardhi uwe sifuri. Mchimbaji aliye mita 8 chini yuko kwenye −8. Akitaka kumfikia mwenzake aliye kwenye −5, atapanda mita 3. Ndiyo maana −5 − (−8) = 3. Ama waulize wazee: mtu aliyesamehewa deni la ng'ombe 8, mali yake imepungua au imeongezeka?

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo likawekwa kando, na hadi leo mtoto wetu anafundishwa hesabu kwa lugha asiyoimudu, kisha akishindwa twasema hana akili ya hesabu.

Sikidharau Kiingereza. Kifundishwe, tena vizuri, kikiwa somo. Lakini kisiwe kizuizi mbele ya kila somo jingine.

Mwenye hoja ya kunipinga, uwanja ni wake. Namwomba jambo moja tu: kwanza amweleze mtoto wa Kerende, kwa Kiingereza, kwa nini jibu ni 3.