Waraka kwa Waandishi na Wachoraji Wenzangu Kuhusu Leseni Huria

Ndugu wanachama,

Miongoni mwetu wapo wanaokubali leseni huria bila kuisoma, na wapo wanaoikataa bila kuisoma. Nawasihi wote tuisome.

Leseni huria za Creative Commons, zilizoanza kutolewa Desemba 2002, hazimnyang'anyi mtu hakimiliki. Kazi inabaki yako. Unachotoa ni ruhusa kwa yeyote atakayetimiza masharti uliyoyachagua. Kwa hadithi fupi za watoto naziunga mkono kwa moyo wote. Tazameni African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini: mwalimu huchukua hadithi ya Kiswahili, akaifasiri kwa lugha wanayoizungumza watoto wake, akaichapa na kuigawa darasani, bila kumwomba mtu ruhusa. Hadithi ambayo mchapishaji angeiona fupi mno kuwa kitabu humfikia mtoto asiyejua duka la vitabu. Ila ukiweka sharti la kutobadilisha, kama wengi wetu wanavyofanya kwa hofu, mwalimu yule hawezi kugawa tafsiri yake, na faida kubwa imekwenda.

Lakini ruhusa ikishatoka hairudi. Unaweza kuacha kuisambaza kazi. Aliyekwisha kuipata ataendelea kuitumia. Na usipozuia biashara, biashara itafanywa. Mwishoni mwa 2014 tovuti ya picha ya Flickr ilianza kuuza mapambo ya ukutani yaliyochapwa kutokana na picha ambazo wenyewe walikuwa wamedai kutajwa jina tu. Hawakulipwa chochote, na leseni haikuvunjwa. Walilalamika hadi Flickr ikaziondoa, lakini kilichowaokoa ni kelele, si sheria. Hata sharti la kutofanya biashara lina mipaka yake: mwaka 2018 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba kampuni ya FedEx haikukosea ilipolipwa kuzinakilia shule vitabu vya shirika la Great Minds vyenye sharti hilo, kwa kuwa waliovitumia ni shule zenyewe.

Kwa hiyo riwaya unayoitegemea kwa mrabaha, au mswada unaotaka kuupeleka kwa mchapishaji wa vitabu vya shule, usiufungue kwa leseni huria. Wachapishaji wengi hudai haki ya kuchapa peke yao, na hutakuwa nayo tena ya kuwapa. Aliyekwisha kukabidhi haki zake kwa chama cha kukusanya mirabaha aulize kwanza kama bado ana mamlaka ya kutoa leseni.

Jambo linaloniuma zaidi ni la wachoraji. Michoro ni kazi ya aliyeichora. Mwandishi asiifungue kwa niaba yake, hata kama alimlipa, isipokuwa wameandikiana hivyo. Naomba kuanzia sasa pasiwepo hadithi itakayotoka bila makubaliano ya maandishi kati ya hao wawili, leseni ikitajwa kwa jina lake kamili na toleo lake.

Mwenye mkataba mkononi asitie saini kabla hatujausoma pamoja kwenye mkutano ujao.

Mwenzenu katika kazi.