UCHAMBUZI: Mlio wa usukani wafyonza fedha za wenye magari

MLIO wa kugonga chini ya usukani, gari linapopita kwenye mashimo kwa mwendo wa pole, huweza kumgharimu mwenye gari pesa nyingi. Aghalabu, hasara hiyo haitokani na ubovu wenyewe bali na kubahatisha.

Kanuni za Kenya hukataza kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo, mengi ya magari madogo yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani hayatumii tena usukani wa mafuta. Yana mota ya umeme inayomsaidia dereva, na kompyuta inayoiamuru. Mara nyingi mota hiyo hufungwa kwenye nguzo ya usukani, chini ya dashibodi; reki iliyo karibu na magurudumu hubaki chuma kitupu.

Hapo ndipo penye utata. Fundi aliyezoea mfumo wa mafuta husikia mlio na kukimbilia reki. Mteja hutumwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, maarufu kama Grogan, kuitafuta. Reki inafungwa, mlio unabaki. Kisha mota inasingiziwa na nguzo nzima inanunuliwa, ilhali huenda kilicholegea ni kiungo cha mhimili unaounganisha usukani na reki, au bushi iliyolika.

Usukani ukiwa mzito ghafla na taa ya onyo kuwaka, betri na alteneta ndizo za kushukiwa kwanza, kwani mota hiyo hula umeme mwingi dereva anapoegesha. Betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Kuipima ni kazi ya dakika moja.

Mbona basi haipimwi? Jibu limo katika malipo. Fundi wa jua kali hulipwa kwa kufunga kipuri, si kwa kutambua hitilafu. Mwenye gari naye, ambaye hutoa maelfu kununua reki, hudhani ameibiwa akidaiwa ada ya "kuangalia tu". Fundi mwaminifu anayebadilisha bushi kwa nusu saa huambulia pesa za chai.

Anayeumia zaidi ni dereva wa teksi: gari likilala gereji siku tatu, mkopo haulali. Tena nguzo iliyong'olewa kwenye gari jingine, kihisio chake kisiporekebishwa kwa kompyuta, huweza kuvuta usukani upande mmoja abiria wakiwa ndani.