Pati za kufunga mwaka ofisini: nani analipa?

Leo tuongelee pati za maofisini za kufunga mwaka.

Wenzetu Kanada, Marekani na Uingereza wana mtindo wao. Kila mtu anakuja na sweta la Krismasi baya kuliko yote, lina kulungu, lina theluji, mengine yanawaka taa kabisa. Pati za namna hiyo zilianza kupata jina kule Vancouver, Kanada, mwaka 2002. Uingereza, shirika la Save the Children limekuwa na siku maalum tangu 2012: unavaa sweta lako, unachangia watoto.

Masweta yenyewe sisi wa Korogwe na Handeni tunayajua, yanakuja kwenye mabelo ya mitumba. Desemba huku ni joto, nani avae sweta kwenye pati? Mnunuzi ni kijana wa bodaboda anayekesha barabarani, au mtu anayepanda Lushoto kwenye baridi. Utamkuta mwezi wa saba kavaa Baba Krismasi kifuani na hana habari. Kule kichekesho, huku vazi la kazi.

Ila ukiangalia vizuri, kale kamchezo kana akili. Sweta ni la bei ya chini, na bosi anachekesha sawasawa na mfagizi. Sasa linganisha na kwetu: kitenge cha sare, fundi, ukumbi, mbuzi, muziki. Bili ya nani?

Zamani serikalini jibu lilikuwa rahisi, bajeti ya ofisi. Novemba 2015 hayati Magufuli akafyeka. Fedha za hafla ya wabunge zikaenda kununua vitanda vya Muhimbili. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka ule zikageuka siku ya usafi. Ikulu ikapiga marufuku hata kuchapisha kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa fedha za umma. Wengi tulipiga makofi, na kwa kweli ilistahili.

Lakini hamu ya pati haikufa bana. Bili ikahamia mfukoni kwa mfanyakazi, ikaitwa mchango. Hapo ndipo pananiuma. Mei Mosi 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini serikalini kitoke 370,000 mpaka 500,000 kuanzia Julai. Tuseme mchango na sare ni elfu hamsini. Kwa mtu wa kima cha chini hiyo ni sehemu ya kumi ya mshahara, kwa bosi ni vocha tu. Halafu Januari inaingia: ada ya shule ilishafutwa, sawa, ila sare, madaftari na viatu vya mtoto vinanunuliwa na nani? Asipochanga, eti hana ushirikiano. Na mlinzi wa getini, yeye anasikia harufu ya mbuzi tu.

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inambana mwajiri asikate mshahara anavyotaka. Makato lazima yawe yameruhusiwa na sheria, makubaliano ya chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama na kadhalika, au deni ambalo mwenyewe umekubali kwa maandishi. Pati haimo. Kuchanga ni hiari, na hiari maana yake unaweza kusema hapana na kesho ukasalimiwa vizuri.

Maoni yangu mimi wa form four: pati zisife, watu wanahitaji kucheka pamoja, Muislamu na Mkristo. Ila mchango uende kwa cheo, sare ifutwe, kila mtu avae kituko chake cha mtumba, na sahani ya mlinzi ipakuliwe kwanza.

Wadau mnaofanya kazi Chanika, Manundu na kwingineko, kwenu ikoje? Mnachanga kwa hiari au kwa aibu? Mwageni ya moyoni.

Nawasilisha.