Mbwa wa kizungu hakuchukua unga wa mkimbizi

Goma. Siku nyingi ninawaandikia juu ya barabara, bei ya unga na risasi za usiku. Leo ninaandika juu ya mbwa. Msicheke kwanza. Maneno juu ya mbwa yameanza kutenganisha majirani katika mtaa wetu, na kuna mtoto aliyewekwa katika hatari ya kifo juu ya maneno hayo. Basi acha tuyaseme wazi.

Juma lililopita nilikuwa kwenye bomba na vidumu vyangu viwili. Mama mmoja akasema kwa sauti ili nisikie: "Mbwa wa papa huyu anakula kuliko watoto wetu." Mwingine akaongeza: "Ni pesa za mashirika hizo. Mtu wa kawaida hawezi kufuga mbwa wa kizungu." Kijana mmoja akamaliza: "Ukifuga mbwa wa kizungu, na wewe unakuwa mzungu." Watu wakacheka. Mimi nikajaza vidumu, nikarudi nyumbani bila kujibu. Leo ninajibu.

Ndiyo, niko na mbwa jike wa Kijerumani, wale ambao watu wengi hapa wanawaita mbwa wa polisi. Sikumnunua. Mtu niliyekuwa namfanyia kazi ndogo alihama mji, akashindwa kunilipa deni lote, akaniachia mtoto wa mbwa badala ya pesa iliyobaki. Nilikasirika siku ile. Nilitaka pesa. Lakini lupango letu lilikuwa limeingiliwa na wezi mara mbili, na kila mkaaji wa Goma anajua vile usiku ulivyo hapa. Nikamweka. Kisha nikampenda, na sioni aibu kulisema.

Anakula nini? Anakula tunachobakiza. Ukoko wa bugali, vichwa vya samaki, na mifupa ambayo mama mwenye malewa karibu yetu ananiwekea. Siku ambayo sisi hatuna kitu, na yeye hana kitu. Mimi sina pesa ya kumpa nyama kila siku, maana hata watoto wangu hawaioni kila siku. Mtu anayeona manyoya yake marefu na masikio yaliyosimama anadhani ameona mfuko wangu. Ameona manyoya tu.

Lakini sitaki kudanganya. Hasira ya yule mama haikutoka hewani. Wako watu katika mji huu wanaonunulia mbwa nyama dukani, na nje ya ukuta wao familia imelala chini ya turubai. Wako wanaomwachia mbwa makusudi wakati mtoto mkimbizi anapogonga geti kuomba maji. Nimeliona kwa macho yangu. Mwenye kufanya vile hana haki ya kulia akitukanwa. Wazee wetu pia hawajasahau ni nani alikuwa na mbwa wakubwa wakati wa Wabelgiji, na mbwa wale walifundishwa kumkimbiza nani. Hofu ile ilirithishwa, na mimi siwezi kumwambia mtu aitupe kwa siku moja.

Ninachokataa ni kitu kingine. Ninakataa tumpige mbwa kwa kosa la watu. Unga ukikosekana kwa mkimbizi, si kwa sababu mbwa wangu amekula ukoko. Ni kwa sababu ya vita vilivyomtoa katika shamba lake la Masisi au Rutshuru, barabara zilizofungwa, na misaada inayohesabiwa mara tatu na kugawiwa mara moja. Wanaopaswa kujibu juu ya hayo wako na majina na viti. Wanafurahi sana wakiona sisi kwenye bomba tunagombana juu ya mbwa.

Niwakumbushe mwaka wa 2021. Tarehe 22 Mei Nyiragongo ililipuka usiku. Siku tano nyuma ya pale, tarehe 27, tukaamriwa kuondoka katika sehemu kubwa ya mji, na maelfu ya watu wakafuata barabara ya Sake. Ni karibu kilometa 25. Nilitembea na bibi yangu, watoto, magodoro mawili, na mbwa kwenye kamba. Njia nzima nilitukanwa. "Watu wanabeba watoto, wewe unabeba mbwa!" Hakuna aliyeuliza kama watoto wangu walikuwa mbele yangu na mama yao. Walikuwepo.

Sake tulilala kwenye ukumbi wa watu. Wakakataa mbwa aingie, na walikuwa na haki: nafasi ilikuwa ya watu. Nikalala nje naye. Usiku akaja mama mzee, mkimbizi wa siku nyingi kutoka milima ya Masisi, akakaa karibu. Nikangoja tusi. Akasema: "Papa, mimi pia nilikuwa na mbwa. Alikuwa analinda mbuzi. Siku ya kukimbia nilimwacha amefungwa, sikupata nafasi ya kukata kamba." Akanyamaza. Kisha akasema tena: "Sikupata nafasi ya kukata kamba." Hakuwa analia. Alikuwa anaomba mtu asikie tu.

Tangu usiku ule, mtu akiniambia kwamba kupenda mbwa ni mambo ya matajiri, ninamkumbuka mama yule. Aliyekimbia aliacha mbuzi, ng'ombe, kuku na mbwa. Tunahesabu ng'ombe kwa sababu wanauzwa. Mbwa hatumhesabu, na mwenye kumwacha anaona haya kumtaja, anaogopa kuambiwa: watu wamekufa, wewe unalilia mbwa? Ndugu yangu mkimbizi, ukitaka kumlilia, umlilie. Hukumwibia mtu machozi.

Sasa nije kwenye dhana ya pili: kwamba mbwa wa namna hii amezaliwa mkali. Si kweli. Mbwa wa Kijerumani alitengenezwa kuwa mchungaji wa kondoo. Chama cha kwanza cha kuwaandika kiliundwa na ofisa mmoja, Max von Stephanitz, mwaka wa 1899, na alichagua mbwa waliokuwa wanafanya kazi malishoni. Ni wanadamu waliomtoa kwa kondoo wakamtia kwa askari. Hapa kwetu, Hifadhi ya Virunga imetumia mbwa wa aina ya bloodhound, wale wenye masikio marefu yanayoning'inia, kufuata harufu ya wawindaji haramu. Mbwa ni kama kijana: anakuwa kile anachofundishwa. Ukimfunga kwa mnyororo wa mita moja toka akiwa mdogo, ukampiga, ukamnyima jua, atakuwa mkali, awe wa Kijerumani au wa kijijini. Basi ukiumwa na mbwa, kwanza umtafute mwenye mnyororo.

Dhana ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike. Watu wengi, na hasa wenye mbwa hawa wenyewe, wanaamini kwamba mbwa wa kizungu hawezi kupata kichaa. Wanasema kichaa ni cha mbwa wa mtaani. Miezi michache imepita, mtoto wa familia ya wakimbizi aliumwa mguuni na mbwa wa namna hiyo si mbali na kwetu. Mwenye mbwa akampa mama wa mtoto franga elfu kumi, akamwambia: "Mama, usiwe na hofu, huyu ni mbwa safi." Nikamwuliza kama mbwa amechanjwa. Akanijibu: "Wa nini? Huyu si mbwa wa mtaani."

Ndugu, kichaa hakisomi karatasi za ukoo. Kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa, na mnyama yeyote asiyechanjwa anaweza kukipata akiumwa na mwingine mwenye ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia. Karibu wote wanakipata kwa mbwa, na kati ya watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wenye chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna njia ya kuokoa: kuosha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kukimbia kupata chanjo na kumaliza sindano zote. Msiweke pilipili, mafuta wala majani. Mbwa naye asiuawe haraka kama anaweza kufungiwa bila hatari. Achungwe siku 10, maana akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na kichaa kwenye mate siku aliyouma.

Mama yule alizunguka sehemu tatu akitafuta chanjo. Franga elfu kumi zikaisha kwenye moto, yaani pikipiki, kabla ya sindano ya kwanza. Majirani tukachanga. Na nani alichanga wa kwanza? Yule mama wa kwenye bomba, aliyesema mbwa wangu anakula kuliko watoto. Mtoto alipata sindano zake na leo anacheza. Lakini hakuokolewa na neno "safi". Aliokolewa na sabuni, sindano na majirani.

Dhana ya mwisho ni juu ya sisi wenyewe. Tunasema mbwa wa aina ni wa Wazungu, na wetu ni takataka. Mnajua kwamba Kongo iko na mbwa wake anayeandikwa katika vitabu vya ukoo huko Ulaya na Marekani? Ni mbwa mdogo, mkia umejikunja mgongoni, masikio yamesimama, na habweki kama wengine. Watu wa misitu na wa Uele walimtumia kuwinda, wakimfunga kengele ya mti shingoni ili wajue aliko. Mwaka wa 1895 wawili walipelekwa Uingereza wakafa kwa ugonjwa. Mwaka wa 1937 wengine wakaonyeshwa London, watu wakajaa kuwatazama. Na wakati uzao wao huko nje ulipopungukiwa damu na kusumbuliwa na ugonjwa wa figo, Wamarekani walirudi hapa, wakati nchi ikiitwa Zaire, mwaka wa 1987 na 1988, kuchukua wengine kutoka vijijini. Mwaka wa 1990 wakafungua kitabu chao ili kuwaandika.

Na jina waliloandika ni gani? Basenji. Kila Mkongomani anajua neno hilo linamaanisha nini: washenzi. Mbwa wa washenzi. Walimchukua mbwa wetu, wakampa cheti, na katika cheti wakaacha tusi letu. Na sisi tuliobaki na ndugu zake kijijini tunawapiga mawe, kisha tunakopa pesa kununua mtoto wa mbwa mwenye manyoya marefu ili jirani aone tumeendelea. Kijana wa kwenye bomba, mbwa hawezi kunifanya mzungu. Lakini kudharau cha kwako mpaka mgeni akiandike, hilo ndilo linalotufanya watumwa.

Sasa ninaomba nini? Kwenu ninyi wenye mbwa wa aina, pamoja na mimi: chanjo kila mwaka, na karatasi yake uionyeshe jirani bila kungoja aulize. Usimwachie mtu mbwa. Usiuze mtoto wa mbwa kabla hajafika majuma 8, na usiite "safi" mbwa ambaye hujui baba yake. Mbwa wako akiuma, kazi yako haiishi kwa kutoa franga getini. Unamsindikiza mtoto mpaka sindano ya mwisho.

Kwenu mnaosimamia mji: chanjo ya mbwa wawili wa tajiri haitukingi. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, kichaa kinakatika mahali. Basi chanjeni mbwa wa mtaani na wa mahali wakimbizi wanapoishi, na chanjo ya watu ikae karibu nao.

Na kwenu majirani, wakaaji na wakimbizi: ukiona mbwa, uliza kwanza. Uliza kama amechanjwa, na mwenyewe anampata chakula wapi. Geti langu mnalijua. Mbwa amefungwa mchana, maji yapo, na karatasi ya chanjo iko kwenye mfuko wa shati langu. Mama wa kwenye bomba amekwisha kuiona. Amesema bado mbwa huyo anamtisha. Nimemjibu kwamba hilo ni haki yake. Tumekaa, tumekunywa chai.

Ni mimi, muandishi wenu wa hapa Goma.