Saini ya kibarua isifike kwanza mezani kwa tajiri

NIONAVYO
Na Rehema Mwakio

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi nchini Kenya haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Hakuna anayekipinga hadharani. Tajiri ukimuuliza mbele ya wanahabari atakwambia anakiheshimu. Ubishi huanza mfanyakazi anapochukua kalamu.

Karatasi anayoitia saini huitwa Fomu S. Hapo anaandika jina lake na kukubali mwajiri amkate ada ya chama kwenye mshahara. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, chama humpelekea mwajiri fomu hizo, naye ana siku 30 za kuanza kukata. Fomu hizo hizo ndizo chama hutegemea kuonyesha kwamba kimefikisha idadi inayotakiwa na kifungu cha 54 cha sheria hiyo, yaani zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kuwa wanachama. Kikiifikisha, mwajiri analazimika kukitambua na kuketi nacho kujadili mishahara. Kikipungukiwa na watu watatu tu, hakina la kumwambia.

Maana yake ni kwamba kabla chama hakijatambuliwa, kabla hakijawa na uwezo wa kumtetea yeyote, orodha ya majina ya waliothubutu imeshafika mezani kwa mtu yule yule asiyekitaka. Yeye ndiye mwenye daftari la mishahara, kwa hiyo ndiye anayejua nusu ni wangapi. Ndiye pia anayeamua nani abaki kazini hadi mwisho wa mwezi. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na sisi tunajisifu kwamba tuna sheria nzuri.

Anayefuatilia mashauri ya Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba anaujua mwenendo. Chama kinadai kimesajili walio wengi. Mwajiri anajibu kwamba baadhi ya waliotia saini wameshaacha kazi, wengine ni wa mikataba iliyokwisha, na wengine wamebadili nia. Zinatolewa barua za kujitoa, na mara nyingine zimepigwa chapa kwa maneno yale yale, tofauti ni jina na saini. Msuluhishi anateuliwa, tarehe inasogezwa. Wakati huo wote kazi inaendelea, watu wanaondoka, wapya wanaajiriwa, na ile idadi iliyokuwa zaidi ya nusu inayeyuka bila mtu kupiga kelele.

Na hao ni wenye mikataba. Ukitaka kuona shida yenyewe, fika kwenye malango ya viwanda vya Changamwe kabla jua halijachomoza. Watu wanasimama makundi makundi, wengine wametoka Mikindani na Magongo kwa miguu kuokoa nauli. Nyapara anatoka, anaangalia nyuso, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa nyuma. Aliyechaguliwa anaacha kitambulisho kwa bawabu na kuingia. Asiyechaguliwa anasubiri kidogo, labda kuna gari la kupakuliwa, kisha anarudi nyumbani. Kesho ni hivyo hivyo. Hakuna mkataba, hakuna barua, pengine hakuna hata karatasi ya malipo.

Mama mmoja anayefunga bidhaa katika kiwanda cha eneo hilo aliniambia alianza kuingia lango lile mwanawe akiwa chekechea. Mtoto sasa yuko kidato cha pili, na mama bado ni kibarua wa siku. Nilimuuliza kama chama kimewahi kumfikia. Alisema watu wa chama walikuja, wakazungumza vizuri, naye aliwaelewa. "Lakini dadangu, nikitia saini leo, kesho sichaguliwi. Hata hanifukuzi. Ananiruka tu."

Kauli hiyo ya kurukwa inanisumbua kuliko taarifa zote za vyama nilizosoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kujiunga na chama si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Nzuri. Ila mama huyu hafutwi. Hakuna siku aliyoambiwa usije tena, hakuna barua atakayompelekea hakimu. Kidole cha nyapara kimepita juu ya kichwa chake, basi. Kibaya zaidi, sheria hiyo hiyo katika kifungu cha 37 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, au anayefanya kazi isiyoweza kutarajiwa kuisha ndani ya miezi 3, ahesabiwe kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Mtoto ametoka chekechea hadi kidato cha pili! Kwa sheria mama huyu ni mwajiriwa zamani sana. Kwenye daftari la tajiri hayupo, na kwa kuwa hayupo, hahesabiwi katika nusu wala katika nzima.

Hata yule mwenye barua ya kufutwa hana kinga kubwa. Akishinda kesi, fidia kubwa anayoweza kupewa chini ya kifungu cha 49 ni mshahara wa miezi 12. Korti inaweza kuamuru arudishwe kazini, lakini amri ya namna hiyo ni nadra, na kesi yenyewe huchukua muda mrefu. Kampuni yenye mamia ya wafanyakazi ikipiga hesabu inaona kwamba kuwalipa viongozi wawili watatu wa chama mshahara wa mwaka mmoja ni gharama ndogo ukilinganisha na nyongeza ya kila mtu kila mwaka. Adhabu inayoweza kuwekwa kwenye bajeti mapema haimtishi mtu.

Sisi wa Mombasa hatuna kisingizio cha kutoyaelewa haya, maana mji huu uliyapitia. Januari 1947 ulisimama kwa siku 12. Wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandarini, watu wa reli, wapishi wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Sehemu kubwa ya makuli walikuwa vibarua wa siku, wakichaguliwa asubuhi kama wanavyochaguliwa leo Changamwe. Walikusanyika Kiwanja cha Maskini, na humo ndani ya mgomo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza. Agosti ya mwaka huo serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia, ikampeleka kizuizini Baringo.

Miaka 8 baadaye, Machi 1955, makuli waligoma tena. Safari hii walikuwa na chama, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alishuka kutoka Nairobi akaketi baina yao na waajiri. Watu walirudi kazini, shauri likapelekwa kwa wasuluhishi, na mishahara ikapanda kwa theluthi moja. Ningependa waajiri waitafakari tofauti ya 1947 na 1955. Wafanyakazi waliojaa hasira hawatoweki kwa sababu hawana chama. Siku moja wanazima mashine wote kwa pamoja, na tajiri anatafuta wa kuzungumza naye, hamwoni.

Waajiri wana hoja zao, na nyingine si za kubezwa. Umeme ni ghali, bidhaa za nje zinauzwa kwa bei ya kutupa, na mwenye karakana ya watu 15 hana meneja wa wafanyakazi wala wakili wa kumsaidia kujibu madai. Namwonea huruma mtu huyo. Ila kujadiliana si kukubali kila kinachodaiwa. Sheria inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zinazohitajika katika majadiliano, na mizozo ya mishahara ikifika kortini, hali ya biashara huangaliwa. Kama kweli hakuna faida, njia ya kuwafanya wafanyakazi wasadiki ni kuwafungulia vitabu. Mfanyakazi anayeona hesabu anaweza kukubali nyongeza ndogo. Anayeona gari jipya la mkurugenzi peke yake hawezi.

Hoja nyingine naisikia kwa wafanyakazi wenyewe, na hii inaniuma zaidi. Wanasema vyama vyetu ni vya kula ada. Viongozi wanakaa miongo: Francis Atwoli ni Katibu Mkuu wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, tangu 2001. Wengine huonekana kazini wakati wa uchaguzi wa chama tu. Siwatetei. Lakini chama chenye wanachama wachache walioingia kwa kificho, wengi wao wakiogopa kuonekana hata mkutanoni, kitamwajibishaje kiongozi wake? Anayeogopa kutia saini mbele ya tajiri hatasimama ukumbini kuuliza ada imekwenda wapi. Ukitaka vyama visafike, wape watu nafasi ya kuingia kwa wingi na bila hofu, kisha wawaamue hao wazee kwa kura.

Na jambo hili haliwahusu watu wa viwanda pekee. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha za Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni ya Sama, alifutwa kazi 2019 baada ya kuongoza wenzake kuungana. Alishtaki 2022. Mei Mosi 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi kama yake walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa hapa nchini. Wale walisoma, wana kompyuta na wanasheria. Bado imewachukua miaka yote hiyo kufika hapo, kwa sababu anayelipa mshahara si anayenufaika na kazi. Kibarua anayeletwa kiwandani na wakala yuko katika hali hiyo hiyo.

Marekani wanabishana kuhusu mambo haya wakiwa upande mwingine wa sheria. Kwao wafanyakazi hupiga kura ya siri, na mswada wa kurahisisha uundaji wa vyama, ujulikanao kama PRO Act, ulipita katika Baraza la Wawakilishi Machi 2021 ukakwama kwenye Seneti. Wafanyakazi wa ghala la Amazon huko Staten Island, New York, walishinda kura Aprili 2022 kwa 2,654 dhidi ya 2,131, na kampuni ikaendelea kuyapinga matokeo badala ya kuketi kujadiliana. Kwa hiyo sidhani sanduku la kura litatuponya peke yake. Kura bila tarehe ya mwisho ya kuanza mazungumzo ni karatasi tu.

Ninachokitaka kwa Bunge letu si kikubwa. Fomu S zipelekwe kwanza kwa afisa wa leba, naye alinganishe na daftari la mishahara na amwambie mwajiri idadi pekee, bila majina. Mwajiri akibisha idadi hiyo, ipigwe kura ya siri ndani ya mwezi mmoja, na chama kikishinda, mazungumzo yaanze kwa tarehe iliyoandikwa katika sheria. Kiongozi wa chama akifutwa katika kipindi hicho, arudi kazini kwanza, kesi isikilizwe baadaye. Na pale ambapo hakuna chama kilichofikisha nusu, kilichopo kiruhusiwe kuwasemea wanachama wake chenyewe. Hili la mwisho si langu. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani wamelisema kwa miaka mingi, na Kenya, ambayo imeridhia Mkataba namba 98 wa majadiliano ya pamoja tangu 1964, haijaridhia hadi leo ule wa 87 unaolinda uhuru wa kuunda vyama. Tanzania iliuridhia mwaka 2000 na Uganda 2005.

Wabunge wa Pwani hupita Changamwe kila wanapokwenda uwanja wa ndege kuelekea Nairobi. Naomba mmoja wao audhamini mswada wa mabadiliko haya, na kipengele chake cha kwanza kiwe cha vibarua: kila anayestahili chini ya kifungu cha 37 aandikwe kwenye daftari na ahesabiwe. Wenye mikataba angalau wana barua ya kufutwa ya kumwonyesha hakimu.